Njooni saa mbili usiku na kipimajoto: barua ya wazi kuhusu usalama wa chipsi, kuku na baga za mijini

Kwa Waziri wa Afya,
Kwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Kwa wakurugenzi wa halmashauri za Dar es Salaam na miji mingine, pamoja na maafisa afya wa kata zote.

Waheshimiwa,

Tunaandika tukiwa wapishi, wasimamizi wa majiko, na mabwana afya na mabibi afya wa migahawa ya chakula cha haraka: chipsi, kuku wa kukaanga, chipsi mayai, mishikaki, baga, shawarma. Kwa familia nyingi za mjini hiki ndicho chakula cha jioni. Ndicho cha wanafunzi wa vyuo, cha madereva, cha walinzi wa usiku. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika kanda ya Afrika watu zaidi ya milioni 91 huugua kila mwaka kwa chakula kisicho salama, na 137,000 kati yao hufariki. Wengi wanaougua huku kwetu hawaingii katika hesabu ya mtu yeyote. Wananunua dawa duka la jirani, wanaambiwa ni taifodi au tumbo tu, na mgahawa unaendelea kuuza kesho yake.

Ombi letu ni moja, na mengine yote humu ni maelezo yake: ukaguzi usiishie kwenye karatasi. Upime joto la chakula, muda kilichokaa, maji na mikono, na upime saa ambazo biashara inafanyika.

Mkaguzi wa leo hufika saa nne asubuhi. Huomba leseni na vyeti vya kupima afya, akatazama sakafu, choo, aproni, kofia na pipa la taka. Hayo yote yanahitajika, hatuyapingi. Lakini saa nne asubuhi karai halijapata moto na kabati la vioo ni tupu. Biashara ya chipsi kuku inaanza kuchangamka saa kumi na moja jioni, inafika kileleni kati ya saa mbili na saa nne usiku, na kwenye baa inavuka saa sita. Hatari yenyewe hutokea wakati ofisi ya afya ya kata imeshafungwa. Mgahawa unaweza kuwa na vyeti vyote ukutani, vigae vyeupe pe, na kuku anayelaza watu hospitali.

Tuanze na huyo kuku, maana ndiye mwenye hatari kubwa kuliko vyote.

Njia yake inajulikana. Hununuliwa alfajiri, Kisutu, Shekilango au kwa mfugaji, akachinjwa na kunyonyolewa papo hapo, akasuuzwa kwenye pipa moja la maji ambalo wenzake kumi wamepitia. Akipakiwa kwenye ndoo bila barafu, husafiri kwa bodaboda mpaka jikoni. Hapo hukatwa robo robo, akapakwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, akachemshwa kuanzia saa nane au saa tisa mchana. Akishaiva huchujwa na kupangwa kabatini. Mteja akifika jioni, kipande chake hutumbukizwa kwenye mafuta dakika mbili tatu kipate rangi, kikatolewa na chipsi.

Tatizo haliko kwenye kuchemsha. Liko kwenye zile saa tano, sita, hata nane kati ya sufuria na karai. Kuchemsha kunaua Salmonella na Campylobacter, vijidudu vya kawaida vya kuku, lakini hakuui spora, yaani mbegu ngumu za vijidudu kama Clostridium perfringens. Spora hizo huamka nyama inapopoa na kuwa vuguvugu. Kati ya nyuzi 43 na 47 kijidudu hiki huzaliana kwa kasi ya ajabu. Katika hali nzuri kwake kinajigawa kila baada ya dakika kumi hivi. Hata tukichukua mwendo wa pole wa dakika 20, kijidudu kimoja saa tisa alasiri ni zaidi ya 260,000 ikifika saa tatu usiku. Kabati la vioo lenye balbu moja, ambalo wengi tunaliona kama ulinzi dhidi ya nzi na vumbi, mara nyingi huliweka paja la kuku katika nyuzi hizo hizo za arobaini na kitu. Hapo ndipo vijidudu vinapostawi.

Kisha kuna mikono. Kuku aliyekwisha chemshwa hupangwa kwa mkono, na mkono wenye kidonda au uliotoka kupangusa pua hubeba Staphylococcus aureus. Kijidudu hiki hutema sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa karai. Ndiyo maana mteja anaweza kula kuku wa moto unaounguza ulimi, akaanza kutapika baada ya saa mbili au tatu. Moto wa pili unakausha ngozi na kuipa rangi. Nyama ya ndani, karibu na mfupa, huenda haikufika hata nyuzi 50.

Tunachotaka kiandikwe kwenye kanuni ni hiki. Kuku akitoka jikoni mara ya kwanza awe amefika walau nyuzi 74 katikati ya sehemu nene ya paja. Shirika la Afya Duniani linasema nyuzi 70, nasi tunaongeza kidogo kwa sababu vipande vya kuku havilingani. Baada ya hapo mwenye jiko achague moja kati ya njia tatu. Ya kwanza, amweke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 muda wote, na hilo lahitaji trei iliyokaa juu ya maji ya moto yenye moto chini yake, balbu haitoshi. Ya pili, ampoze haraka: vipande vitandazwe kwenye trei bapa, kimo kisizidi sentimita tano, trei iwekwe juu ya barafu, joto lishuke chini ya nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha aingie kwenye friji na kufika chini ya nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine. Akitolewa, apashwe mpaka nyuzi 74 tena. Ya tatu, kwa jiko lisilo na friji wala trei ya moto, ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa wafanyabiashara wadogo: achemshe kidogo kidogo. Badala ya kuku 15 saa tisa alasiri, achemshe wanne kila baada ya saa moja na nusu. Kila trei ibandikwe karatasi yenye saa iliyotoka sufuriani. Zikipita saa mbili bila kuuzwa, arudi motoni mpaka nyuzi 74. Zikifika saa nne, atupwe. Asichemshwe upya kwa matumaini, kwa sababu sumu ya Staphylococcus haiondoki kwa kuchemsha.

Kutupa kuku kunauma, tunalijua hilo vizuri. Njia ya kuchemsha kidogo kidogo ndiyo inayopunguza hasara hiyo, maana usiku mwenye duka hubaki na vipande vinne badala ya ishirini.

Kipimajoto cha kuchoma, chenye sindano na kioo cha namba, bei yake ni kama ya kuku wawili watatu, na hakuna kifaa cha jikoni kinacholipa kuliko hicho. Sindano iingie sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, isubiriwe mpaka namba itulie, ipanguswe kwa spiriti kabla ya kuchoma kipande kingine. Kila Jumatatu kipimwe chenyewe: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji mpaka yafunike, koroga, chomeka sindano bila kugusa glasi. Kisome 0. Wengine hupima kwa maji yanayochemka wakitegemea nyuzi 100. Dar es Salaam ni sawa, lakini Mbeya, kwenye kimo cha kama mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mtu akirekebisha kipimajoto kwa njia hiyo atakiharibu. Barafu haidanganyi popote.

Na msiwaruhusu wapishi kutegemea rangi. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, mifupa bado laini, na uboho hutoa wekundu kando ya mfupa hata nyama ikiwa imeiva vizuri. Pia nyama inaweza kuonekana nyeupe kabla haijafika joto linalotakiwa. Jicho linakosea pande zote mbili.

Kuna ushauri unaotolewa nchi nyingine kwamba kuku mbichi asioshwe kabisa, kwa kuwa maji hurusha vijidudu jikoni kote. Kwa kuku anayetoka kwenye friza ya kiwandani ushauri huo ni sahihi. Kwa kuku wetu anayefika na damu na mabaki ya manyoya hautekelezeki, na kanuni isiyotekelezeka hudharauliwa pamoja na zile nzuri. Andikeni hivi: aoshwe kwenye beseni lake maalumu, si chini ya bomba linalomwagika kwa nguvu, beseni likae mbali na mahali pa kukatia kachumbari, maji yamwagwe taratibu, kisha beseni, meza na ubao vioshwe kwa sabuni na kupitishiwa dawa ya klorini.

Kachumbari ni jambo la pili kwa uzito, na haizungumzwi. Watu hudhani mboga haina madhara kama nyama. Lakini nyama inapita motoni na kachumbari haipiti. Chochote kilichobaki kwenye kitunguu, nyanya, kabichi au kisu kinafika mdomoni kikiwa hai. Oktoba 2024 huko Marekani, vitunguu vibichi vilivyokatwa na kuwekwa kwenye baga za McDonald's vilihusishwa na mlipuko wa kijidudu cha kuharisha damu, E. coli O157:H7, watu 104 waliugua na mmoja akafariki. Hiyo ni kampuni yenye friji, vipimo na wakaguzi kila mahali. Huku kwetu, sehemu ya mboga za mjini hulimwa kwenye mabonde ya mito kama Msimbazi, ambayo hupokea majitaka.

Hatua zake si ngumu. Mboga isuguliwe kwanza kwenye maji safi iondoke udongo, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu huishia kwenye uchafu. Kisha ilowekwe dakika tano kwenye maji ya klorini, isuuzwe kwa maji ya kunywa, ikatwe kwa kisu na ubao visivyogusa nyama mbichi. Mbao mbili za rangi tofauti, nyekundu kwa nyama mbichi na kijani kwa mboga, zinatosha kwa jiko dogo. Kachumbari itengenezwe kidogo, bakuli likae juu ya barafu na lifunikwe, na ya jioni isichanganywe na iliyobaki mchana. Ndimu na siki husaidia, ila hazitoshi peke yake.

Kuhusu kipimo cha klorini, tumeona mabango ya afya yakisema tu "tumia dawa". Mwenye jiko anahitaji namba. Dawa nyeupe ya kufulia inayouzwa madukani mara nyingi ni ya asilimia 3.5, ichaguliwe isiyo na manukato. Vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, kwenye ndoo ya lita 10 hutoa kama miligramu 100 kwa lita. Hicho ni kipimo cha meza, mbao, visu na trei baada ya kuoshwa kwa sabuni: viloweshwe walau dakika moja, viachwe vikauke vyenyewe. Kwa kuloweka mboga, nusu ya kipimo hicho inatosha. Mchanganyiko ufanywe upya kila siku, na upya tena ukichafuka. Kamwe usichanganywe na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka huumiza mapafu.

Kitambaa kile kimoja cha kufutia meza, kaunta, ubao na mikono kiondoke. Hakuna namna ya kukiboresha.

Maji nayo. Migahawa mingi hutegemea madumu ya lita 20 na pipa, na maji ya kisima hayana hakika. Kwa pipa la lita 200 la maji yasiyo na tope, kama mililita 11 hadi 12 za dawa hiyo ya asilimia 3.5 zinatosha, yasubiriwe dakika 30 kabla ya kutumika. Kijikaratasi cha kupimia kinapaswa kuonyesha klorini iliyobaki kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Mkaguzi akitoka na hivyo vijikaratasi mfukoni atajua kwa dakika moja jambo ambalo hati yoyote haiwezi kumwambia. Dar es Salaam ilishapita kwenye kipindupindu cha mwaka 2015, kilichoanzia hapa mwezi Agosti na kusambaa mikoani. Somo la maji halihitaji kurudiwa kwa vifo vingine.

Sasa mafuta. Hapa tunasema jambo ambalo huenda halitapendwa: wananchi, na hata baadhi ya wakaguzi, wanaogopa mafuta meusi kuliko kuku vuguvugu. Wanapaswa kuviogopa vyote, lakini si kwa namna moja. Mafuta yaliyochoka hudhuru polepole, kwa miaka. Kuku vuguvugu anamlaza mtoto usiku huo huo. Ukaguzi ukiwa na muda wa kupima kitu kimoja tu, upime kuku.

Hata hivyo mafuta yana kanuni zake. Yanaharibiwa na maji yanayotoka kwenye viazi vibichi visivyochujwa vizuri, hewa, moto mkali na makombo yanayoungua chini ya karai. Chumvi ikinyunyizwa juu ya karai badala ya pembeni huongeza uharibifu, na karai lenye kutu huharakisha mafuta kuoza. Viazi vikishalowekwa vichujwe na kupanguswa. Joto liwe kati ya nyuzi 160 na 175. Likipanda zaidi, chipsi hubadilika kuwa kahawia nzito na kutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya umeiwekea masharti tangu kanuni yake ya mwaka 2017, ikielekeza chipsi zikaangwe chini ya nyuzi 175. Mwisho wa kazi moto uzimwe, mafuta yapoe kiasi cha kutounguza, yachujwe kwa chujio la chuma lenye kitambaa safi, yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko mbali na mwanga.

Kosa kubwa ni kuongezea. Kila siku mpishi humimina lita mbili mpya juu ya zilizochoka, na karai halimwagwi kabisa. Mafuta mapya yanaozeshwa na ya zamani ndani ya saa chache. Dalili za kumwaga ni hizi: moshi unatoka kabla ya nyuzi 170, povu dogo dogo linalokataa kuzama, mafuta mazito yanayonata kwenye kijiko, harufu kali ya kukera koo. Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu viungo vya kuku hutia mafuta weusi mapema. Nchi kadhaa za Ulaya huweka kikomo cha asilimia 24 hadi 27 cha mabaki yanayotokana na mafuta kuoza, na kuna kifaa cha mkono kinachopima hayo kwa sekunde chache. TBS iweke kikomo chake na ivipe vifaa hivyo vituo vya ukaguzi. Na mafuta yanayotolewa kwenye jiko kubwa yasiuzwe tena kwa jiko dogo: kila mgahawa mkubwa uwe na daftari linaloonyesha lita ngapi zimetoka, tarehe gani, na zimekwenda kwa mtengeneza sabuni gani.

Mayai, baga na shawarma tuzipitie kwa haraka. Mayai ya chipsi mayai yavunjwe mteja akiwepo, moja moja kwenye kikombe, si jagi zima tangu alasiri. Na anayevunja anawe mikono kabla ya kushika kingine. Yaive pande zote mbili mpaka yasitiririke. Mayonesi inayosagwa jikoni kwa mayai mabichi ipigwe marufuku. Jimbo la Kerala nchini India lilifanya hivyo Januari 2023, likaruhusu mayonesi ya mboga au ya mayai yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa moto kiasi cha kuua vijidudu, tena likaelekeza vifurushi vya chakula viandikwe saa ya kutayarishwa na muda wa kuliwa. Nyama ya shawarma inayozunguka ikatwe nyembamba, na vipande vipite tena kwenye bapa la moto, maana moto wa pembeni hauivishi ndani. Kuzima moto wateja wakipungua na kuuwasha wakirudi ni kuotesha vijidudu.

Nyama ya kusaga ya baga inahitaji nyuzi 70 mpaka katikati bila mjadala. Kwenye mshikaki wa nyama nzima vijidudu hukaa zaidi nje na moto huviua. Kwenye nyama iliyosagwa, vya nje vimeshaingizwa ndani. Mwaka 1993 huko Marekani baga zisizoiva za migahawa ya Jack in the Box ziliwaugulisha watu zaidi ya 700 na kuua watoto wanne. Jimbo la Washington lilikuwa limeshaweka kiwango cha nyuzi 155 za Farenhaiti, sawa na 68 zetu. Migahawa ikabaki kwenye 140 ya zamani, sawa na 60. Kanuni ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuchoma kipimajoto kwenye baga.

Tunafika kwa watu wenyewe. Cheti cha afya hutolewa kwa miezi sita, lakini kuhara kunaanza usiku mmoja. Mpishi aliyepimwa Januari akiharisha Machi, cheti chake bado ni halali na yeye bado ni hatari. Kanuni ya maana ni kwamba anayetapika au kuharisha asiguse chakula mpaka saa 48 zipite tangu dalili kuisha. Kila mwenye mgahawa anaweza kuibandika ukutani, na haitafuatwa, kwa sababu wafanyakazi wengi ni vibarua wanaolipwa kwa siku. Asiyefika halipwi, na akikaa siku mbili nafasi yake ina mwingine. Kwa hiyo anakuja, anameza kidonge cha kufunga tumbo, anapanga kuku. Tunaomba sharti la leseni liwe hivi: mfanyakazi wa chakula aliyeugua tumbo alipwe siku zake mbili na asifukuzwe. Hii ni gharama ndogo, na inazuia ugonjwa zaidi kuliko cheti cha miezi sita.

Kuhusu mikono, sinki la kisasa si lazima. Ndoo yenye koki au kibuyu chirizi, sabuni iliyofungwa kwa kamba na maji yanayomwagika kwenye beseni vinatosha, mradi viwe hatua mbili kutoka karaini, si nyuma ya choo. Sekunde 20, mpaka kwenye kucha na kati ya vidole, kisha mikono ikaushwe kwa karatasi au hewa. Glovu zimekuwa kinga ya macho: glovu ile ile inapokea noti ya elfu kumi, inashika simu, inachota kachumbari. Afadhali mkono mtupu ulionawa na koleo mbili, moja ya mbichi na moja ya iliyoiva. Anayepokea pesa asishike chakula. Kwenye banda la mtu mmoja, mteja aweke pesa kwenye boksi na kuchukua chenji mwenyewe.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushikilia ubaridi kama saa nne; friza iliyojaa, mpaka siku mbili. Zaidi ya hapo kipimajoto kiamue, si pua. Na chipsi zisifungwe kwenye gazeti wala karatasi zilizochapwa wino. Mafuta ya moto huuyeyusha wino.

Sasa kazi yenu, waheshimiwa. Mwaka 2019 majukumu ya usalama wa chakula yalihamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwenda TBS, huku afisa afya wa halmashauri akiendelea kufanya kazi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Mwenye banda la chipsi hajui nani anamkagua nini, na kila anayekuja ana fomu yake na ada yake. Tunaomba fomu moja, yenye vipimo sita: joto la kuku kabatini, joto la kuku anapotoka karaini, joto la friji, saa kachumbari ilipokatwa, klorini ya maji, joto la mafuta. Mkaguzi awe na kipimajoto, vijikaratasi vya klorini na tochi, awe na zamu ya jioni inayolipwa, na usafiri wa kumrudisha nyumbani usiku. Bila posho ya usiku, zamu hiyo haitakuwepo. Msiiandike kama hamtailipia.

Kipimo kikishindikana, chakula kile kitupwe hapo hapo mbele ya mwenye nacho, aonyeshwe jinsi ya kufanya, na mkaguzi arudi ndani ya siku saba. Faini na kufungia vije mara ya pili. Faini ya kwanza bila maelekezo humfundisha mtu kumkwepa mkaguzi, na hajifunzi lolote kuhusu kuku.

Matokeo yabandikwe mlangoni. Los Angeles imeweka herufi za madaraja milangoni tangu mwaka 1998, Denmark nyuso za tabasamu tangu 2001, Wales ilifanya kubandika alama za usafi kuwa lazima mwaka 2013. Sisi tunapendekeza namba zenyewe, kwa kalamu nene: tarehe, saa ya ukaguzi, "kuku nyuzi 66, friji nyuzi 4, klorini 0.3". Mteja wa Sinza au Mbagala anasoma namba bila shida, na akiona ukaguzi wa mwisho ulikuwa saa nne asubuhi ataelewa pia.

Tunaomba kila halmashauri ya Dar es Salaam ianze na mtaa mmoja wenye msongamano wa migahawa ya usiku, kwa miezi mitatu, na vipimo vyote vitangazwe bila kuficha vilivyo vibaya. Tuko tayari kuwafundisha wakaguzi na wapishi pamoja, kwenye majiko yenyewe, saa za kazi, bila malipo. Fomu ya vipimo sita tumeshaiandaa na inaingia kwenye ukurasa mmoja.

Wenu katika kazi,
Wapishi, wasimamizi wa majiko, mabwana afya na mabibi afya wa Dar es Salaam